Fundi Anajibu: Vita ya biti 64, nani alishinda na we mwenye laptopu ya mtumba inakuhusu nini

Mwangaluka wasomaji. Tangu Microsoft wafunge huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 watu wanahangaika na mashine zao, na safari hii karibu barua zote zinazunguka kitu kimoja, biti 32 na biti 64, yaani urefu wa namba ambazo prosesa, ule ubongo wa mashine, inazishika kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo maswali ya kamera na ya king'amuzi nimeyaweka pembeni nizijibu hizi tu. Nyingine nimezifupisha, msininunie.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nimenunua laptopu ya mtumba hapa mjini, muuzaji kasema RAM ni GB 8 na kweli nikiangalia naona 8.00, ila pembeni yake wameandika inayotumika ni 3 na ushee. Nimepigwa? – Msomaji, Igoma

JIBU: Hujapigwa ndugu yangu, RAM yako ipo yote humo ndani, tatizo ni aliyepiga Windows ya biti 32 kwenye mashine ya biti 64, labda ndo flashi aliyokuwa nayo mfukoni siku hiyo. Iko hivi, kila kipande cha RAM kina anuani yake na prosesa ikitaka kusoma kitu inaita kwa anuani, sasa anuani ya biti 32 ukihesabu namba zote zinazowezekana unapata 4,294,967,296 basi, hizo ndo GB 4, na humo humo kadi ya picha na vifaa vingine navyo vinajichukulia anuani zao, ndo maana unabakiwa na 3 na ushee. Najua kuna watu watanirukia kwamba tangu Pentium Pro ya mwaka 1995 kulikuwa na ujanja unaitwa PAE ambao ulipeleka anuani mpaka biti 36 yaani GB 64, ni kweli kabisa, lakini Windows za watu wa kawaida za biti 32 Microsoft waliziwekea kikomo kile kile cha GB 4 kwa hiyo kwako hausaidii kitu.

Dawa ni kupiga Windows ya biti 64. Huwezi kuipandisha juu ya hiyo hiyo, lazima upige upya, kwa hiyo hamishia picha na mafaili yako kwenye hadi diski ya nje kwanza na usimwamini fundi akikwambia havitaguswa. Prosesa za Intel kuanzia Core 2 Duo karibu zote zinabeba biti 64. Wanaonunua mtumba wawe macho na Core Duo isiyo na hiyo 2, ilitoka mwanzoni mwa 2006 na ni ya biti 32, miezi michache baadae ndo ikaja Core 2 Duo na kwenye stika zinafanana mno, na vile vilaptopu vidogo vyenye Atom N270 navyo ni biti 32 na hamna namna.

SWALI: Fundi, mimi na mwenzangu tunakaa geto moja, wote tunasoma mambo ya kompyuta, na tumebishana mpaka usiku. Yeye anasema Intel ndo walileta biti 64 na AMD wakakopi, mi nasema kinyume chake. Halafu mbona nikidaunlodi Linux faili linaandikwa amd64 wakati laptopu yangu ina stika ya Intel? Tumewekeana chipsi kuku. – Mwanafunzi wa chuo, Mwanza

JIBU: Chipsi kuku ni zako mdogo wangu, ila mwenzako ana kipande chake cha ukweli kwa hiyo muachie hata paja.

Kwanza mjue Intel na AMD, hao wapinzani wawili wa kutengeneza prosesa, hawakuwa wa kwanza. MIPS walitoa R4000 mwaka 1991, DEC wakatoa Alpha mwaka 1992, Sun wakaja na UltraSPARC 1995, zote biti 64, ila zilikaa kwenye mashine za bei mbaya za maabara na mabenki na mtu wa kawaida hakuzigusa. Kazi ilikuwa kuivusha x86, ile familia iliyoanza na 8086 mwaka 1978 ikaingia biti 32 na 80386 mwaka 1985, maana huko ndo kulikuwa na kompyuta za ofisini, za nyumbani, za mashuleni, na programu zote ambazo watu walishalipia.

Intel wakasema hii x86 imechoka, ina viraka vingi, tukienda biti 64 tuanze upya. Mwaka 1994 wakaungana na HP ambao walikuwa na utafiti wao wa muda mrefu, na kilichozaliwa kikaitwa IA-64, prosesa zake zikaitwa Itanium. Wazo lenyewe lilikuwa la akili nyingi tu. Prosesa ya kawaida ina sakiti kubwa ndani yake ambayo kazi yake ni kuangalia amri zinazokuja na kuamua zipi zinaweza kwenda kwa pamoja na zipi zisubiri, sasa wao wakasema kazi hiyo tuitoe kwenye chipu tumpe kompaila, yaani ile programu inayogeuza kodi ya mwandishi kuwa amri za prosesa, yeye apange mapema kabisa kabla hata programu haijafika kwa mteja. Kompaila anafunga amri tatu tatu kwenye furushi la biti 128, kila amri biti 41, na biti 5 zinazobaki zinamwambia prosesa furushi hili lina amri za aina gani na wapi pa kusimama. Rejista, yaani vijisanduku vya kushikia namba ndani ya prosesa, za namba kamili 128 na za desimali 128, wakati x86 ya siku hizo ilikuwa na 8 tu. Kwenye karatasi we acha tu.

Ugumu ukaja hapa, kompaila anapanga foleni akiwa mbali, hajui programu ikishaanza kukimbia data itakuwa karibu kwenye kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa, au itabidi ifuatwe kule kwenye RAM, hilo linajulikana saa ile ile ya kazi, kwa hiyo data ikichelewa foleni nzima iliyopangwa vizuri inasimama inasubiri. Prosesa za kawaida hapo zinapenya, zinaruka amri iliyokwama zinafanya nyingine. Na programu za zamani za x86? Itanium ilikuwa inazikimbiza kwa kuzitafsiri, pole pole mno, mtu mwenye Pentium ya kawaida alikuwa anakupita. Itanium ya kwanza ilitoka Juni 2001, imechelewa miaka kadhaa, na ilipofika haikumtisha mtu.

Watu wa Mwanza tunajua habari ya kuhamisha stendi. Unaweza kujenga stendi mpya nzuri yenye lami na vyoo, lakini kama bodaboda, mama ntilie na abiria bado wako stendi ya zamani basi mabasi nayo yatarudi kule kule wasipotazamwa. Itanium ilikuwa stendi nzuri ambayo abiria hawakuambiwa kwa nini wahame.

AMD sasa. Wao hawakuwa na ubavu wa kuhamisha stendi, kampuni ndogo, na IA-64 ilikuwa mali ya Intel na HP, kwa hiyo kama dunia ingehamia huko AMD wangebaki nje wanachungulia dirishani. Mimi naamini hiyo kwa Intel haikuwa bahati mbaya, ilikuwa nusu ya hesabu yenyewe. Basi mwaka 1999 AMD wakatangaza kwamba wao wataipanua x86 hiyo hiyo, Agosti 2000 wakaweka maelezo yote hadharani ili waandishi wa programu waanze kazi, na jamaa wa Linux, ule mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, wakaanza kuiandikia kwenye simuleta, yaani programu inayoigiza chipu, hata kabla chipu yenyewe haijatoka kiwandani. Walichofanya ukikitazama kwa jicho la injinia ni kiraka juu ya viraka, wakachukua amri zile zile wakaziongezea baiti moja mbele inayosema hii ni ya biti 64 au hii inatumia rejista mpya, rejista wakazitoa 8 wakaweka 16, na prosesa wakaipa hali mbalimbali, inaweza kukimbiza mfumo mzima wa zamani kama vile hakuna kilichobadilika, inaweza kukimbiza mfumo wa biti 64 na ndani yake programu za biti 32 zikaendelea kwa kasi yake kamili bila kutafsiriwa.

Opteron ikatoka tarehe 22 Aprili 2003, ya maseva, na Septemba mwaka huo huo ikaja Athlon 64 ya watu wa kawaida. Na hapa ndo penye siri ambayo watu wengi wanaosimulia hii habari wanaipita haraka haraka, wateja wengi wa mwanzo hawakuinunua kwa sababu ya biti 64. Waliinunua kwa sababu ilikimbiza programu zao za biti 32 vizuri kuliko walichokuwa nacho, AMD walihamishia kidhibiti cha RAM ndani ya prosesa yenyewe na mashine ikawa nyepesi, hiyo biti 64 ikawa imekaa tu humo ndani imelala inasubiri siku yake. Windows ya biti 64 kwa ajili yake, XP x64, ilikuja Aprili 2005, miaka miwili baadae! Kwa hiyo mtu alihama bila kujua kwamba amehama.

Intel walijikaza mpaka Februari 2004 wakatangaza kwamba na wao wataweka biti 64 kwenye Xeon, prosesa zao za maseva, na ukisoma amri zake ni zile zile za AMD, tofauti ndogo ndogo za pembeni. Wakaiita EM64T, baadae Intel 64. Ndo maana faili lako la Linux linaitwa amd64, wamempa jina aliyeichora. Na ukitaka kumfunga mwenzako mdomo fungua kile kidirisha cheusi cha Windows kwenye hiyo hiyo laptopu yako ya Intel, andika echo %PROCESSOR_ARCHITECTURE% halafu bonyeza enta, itakujibu AMD64.

Paja la mwenzako ni hili: Itanium ya 2001 ilitangulia Opteron kwa miaka miwili, kwa hiyo Intel biti 64 walikuwa nayo kabla ya AMD. Ila iliyomo kwenye laptopu zenu nyote siyo hiyo.

SWALI: Kijana, nimesoma vijana wengi wanavyoicheka Itanium na inanikera. Mimi nimestaafu, nimefanya kazi na seva kubwa za aina hiyo, hazikuwahi kulala. Teknolojia ilikuwa nzuri, walioiua ni wafanyabiashara. Usiwapotoshe watoto. – Mstaafu, Capripoint

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Barua yako imenifikia wakati nimeshaandika hilo jibu la hapo juu na sikulibadilisha, ila kuna mahali nakuunga mkono kwa mikono miwili.

Kwenye hesabu nzito za desimali Itanium 2 ilikuwa mnyama, NASA mwaka 2004 walijenga kompyuta kubwa inaitwa Columbia yenye Itanium 2 zipatazo 10,240 na Novemba ya mwaka huo ilikuwa ya pili duniani kwenye Top500, ile orodha ya kompyuta zenye nguvu kuliko zote. Na hizo hesabu za hali ya hewa na za vyombo vya anga ndo mahali ambapo kompaila anaweza kujua mapema nini kinafuata nini, kwa hiyo wazo lao lilifanya kazi pale lilipopata kazi inayolifaa. Seva za HP nazo, zile za mabenki na za kampuni za simu, ulivyosema mzee, zilikuwa hazilali.

Lakini mzee kwenye hilo la wafanyabiashara mi naona walifanya zaidi ya kuiua, walikuwa wameitumia kuua wenzake kwanza. Angalia Alpha. Wengi waliowahi kuigusa wanakwambia ilikuwa prosesa safi kuliko zote za wakati wake, DEC ikanunuliwa na Compaq mwaka 1998, na Juni 2001 Compaq wakatangaza wanaiacha Alpha wanahamia Itanium, mwezi ule ule ambao Itanium ya kwanza ndo inatoka! HP nao wakaiacha prosesa yao ya PA-RISC, na kampuni ya SGI wakaacha kuiwekea nguvu MIPS. Yaani prosesa tatu ziliachwa kwa ajili ya kitu ambacho kwa sehemu kubwa bado kilikuwa ahadi. Sehemu ya hao mainjinia wa Alpha walikwenda AMD, na ile Athlon ya mwaka 1999 ilitumia basi ya EV6, yaani njia ya kupitishia data, iliyotoka kwa Alpha, kwa hiyo ukiniuliza Alpha ilikufa kweli au ilihamia nyumba ya jirani, jibu sitakupa moja.

Mwisho wake unaujua. Machi 2011 Oracle, kampuni kubwa ya programu za kutunza data, wakasema hawaandiki tena programu za Itanium, HP wakawapeleka mahakamani, mwaka 2012 jaji akasema Oracle walikuwa na makubaliano na lazima waendelee, na mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama likawapa HP dola bilioni 3. Hebu fikiria, bilioni 3 kwa ajili ya kulazimisha programu ziendelee kuandikwa. Itanium ya mwisho ilitoka 2017, mzigo wa mwisho ukaondoka kiwandani Julai 2021, na Linux waliifuta kabisa kwenye toleo la 6.7 lililotoka Januari 2024. Salimia wajukuu mzee.

SWALI: Kaka fundi naomba msaada haraka, nina stesheneri, nimenunua kompyuta mpya ina Windows 11, printa yangu ya zamani ambayo ndo inaniingizia hela imekataa, inasema draiva haifai. Na programu yangu ya kuandikia risiti ya miaka mingi nayo haifunguki kabisa wakati programu zingine za zamani zinafunguka. Mbona zingine zinakubali? – Dada wa stesheneri, Buzuruga

JIBU: Pole dada. Haya ni mambo mawili tofauti, usiyachanganye.

Windows 11 ipo ya biti 64 tu, hawakutoa ya biti 32 kabisa. Programu za kawaida za biti 32 zinakubali kwa sababu kuna kitu ndani yake kinaitwa WOW64 ambacho kinazipokea na kuziongoza, ndo maana unaona folda mbili, Program Files na nyingine yenye x86 pembeni, hiyo ya pili ndo nyumba ya hizo za biti 32. Ukitaka kucheka kidogo fungua folda ya Windows, utakuta System32 ndo yenye mafaili ya biti 64 na SysWOW64 ndo yenye ya biti 32. Hawakukosea, kuna programu kibao zilikuwa zimeshaandikwa jina System32 ndani yake, wangelibadilisha zingevunjika, wakaliacha hivyo hivyo. Haya ndo maisha ya kubeba vya zamani.

Ila draiva, ile inayoiunganisha printa na Windows, siyo programu ya kawaida. Draiva inaingia ndani ya Windows yenyewe, na Windows ya biti 64 haiwezi kupokea huko kipande cha biti 32, hapo WOW64 haifiki. Kwa hiyo printa inataka draiva iliyoandikwa kwa biti 64, na kama kampuni iliacha kuihudumia kabla ya hapo hutaipata. Kabla hujakata tamaa angalia kwenye tovuti ya walioitengeneza printa kama wana draiva ya jumla, printa nyingi za ofisini zinazoelewa PCL au PostScript, hizo ni lugha za printa, zinakubali draiva ya jumla. Ikishindikana, ile kompyuta yako ya zamani usiitupe, iache iwe ya printa tu, usiiunganishe na intaneti, kazi unaihamisha kwa flashi, na hiyo flashi ikaguliwe virusi kila inapotoka kwenye mikono ya wateja, nyie wa stesheneri ndo mnaotusambazia.

Programu ya risiti ninavyohisi ni ya biti 16, ya enzi za DOS au Windows 3. Hizo Windows ya biti 64 haizifungui kabisa, haijawahi, kuanzia ya kwanza. Wakati mwingine programu yenyewe ni ya biti 32 ila ile ya kuinstoli ndo ya biti 16, inakwama mlangoni. Kama ni ya DOS tafuta DOSBox, ni ya bure na inakimbiza hizo vizuri tu. Lakini dada yangu, risiti za miaka yote hiyo ziko kwenye programu ambayo hakuna anayeihudumia, wiki hii hii zitoe uziweke hata kwenye Excel, ya kuifungua tena utahangaika nayo baadae.

SWALI: Oya fundi, biti 128 zinakuja lini? Wateja wananiuliza hapa Makoroboi nakosa la kusema. – Fundi mwenzako

JIBU: Waambie wanunue tu hizi hizi. Anuani ya biti 64 ukiihesabu yote ni mara bilioni 4 na ushee ya ile ya biti 32, na mpaka leo prosesa zenyewe hazijaitumia hata yote, AMD walianza na biti 48 ambazo ni TB 256, na za maseva mapya ya Intel zimepelekwa biti 57. RISC-V, aina nyingine ya prosesa ambayo maandiko yake yako wazi kwa wote, wametenga nafasi ya biti 128 kwenye maandiko yao, ila hakuna wa kumuuzia.

Kinachosumbua sasa hivi ni upande wa nyuma, vipi viachwe. Mei 2023 Intel walitoa pendekezo linaitwa X86S, kwamba prosesa iwake moja kwa moja kwenye biti 64 na zile hali za zamani nyingi zifutwe, maana mpaka leo x86 ukiiwasha inaamka kwanza ikiwa na tabia za 8086 ya 1978 halafu ndo inapandishwa ngazi ngazi. Desemba 2024 wakaliacha pendekezo. Oktoba ya mwaka huo huo walikuwa wameshaunda na AMD kamati ya kuiangalia x86 kwa pamoja, hao hao waliopigana miaka yote, ambao mwaka 2009 Intel waliwalipa AMD dola bilioni 1.25 kumaliza kesi zao. Sasa wana adui mmoja, ARM, naye anakaa kwenye simu yako.

SWALI: Shikamoo kaka. Nauza dagaa, oda zangu nyingi napata kwa simu. Kuna app ya kutunza hesabu niliambiwa niiweke, nikijaribu inasema haiendani na simu yangu, na simu siyo ya zamani hivyo. Mtoto wa dada anasema simu yangu ni biti 32, muuza simu anasema prosesa yake ni biti 64. Nani muongo? – Mama dagaa, Nansio

JIBU: Marahaba. Inawezekana hakuna muongo hata mmoja. Simu nyingi za bei nafuu zinakuja na prosesa ya biti 64 lakini Android iliyomo ndani ni ya biti 32, wanafanya hivyo kwa sababu programu za biti 64 zinakula RAM zaidi na simu yenyewe ina RAM kidogo. Kwa hiyo unamiliki biti 64 ambayo huwezi kuigusa.

Kwenye simu mambo yalikwenda kivingine kidogo na hapa ndo napenda watu waangalie, maana wanadhani AMD walishinda kwa sababu kubeba vya zamani ndo kanuni ya kila mahali. ARM, wenye michoro ya prosesa karibu za simu zote, walitangaza biti 64 yao Oktoba 2011 wakaandika amri mpya kabisa, safi, rejista 31 za kazi za kawaida, usafi ule ule ambao Intel waliutafuta kwenye Itanium. Ila wakaruhusu chipu moja ibebe na za zamani pembeni kwa kasi yake yote. Wakachukua la huyu na la yule. Septemba 2013 Apple wakawa wa kwanza kuiweka kwenye simu, iPhone 5s, dunia ya simu ikashtuka, mkubwa mmoja wa masoko wa Qualcomm, watengenezaji wa chipu za simu, akasema hadharani hizo ni mbwembwe za kibiashara tu, siku chache baadae kampuni yake mwenyewe ikayakana maneno yake, na haikupita muda na wao wakawa na chipu za biti 64.

Halafu Apple wakafanya ambacho Intel hawakuweza, Septemba 2017 kwenye iOS 11 wakazikata programu za biti 32, zikaacha kufunguka, kwisha. Waliweza kwa sababu chipu ni yao, mfumo ni wao, duka la programu ni lao, mwandishi wa programu asipotaka kufuata hana pa kwenda. Intel walikuwa na chipu tu, Windows ni ya mwingine na programu ni za watu elfu kidogo duniani kote ambao hawakuwa na sababu ya kumsikiliza. Google kwenye Android wako katikati, Agosti 2019 wakalazimisha kila app yenye kodi ya prosesa moja kwa moja iwe na toleo la biti 64 pia, ila ya biti 32 hawakuikataza, na simu yao ya Pixel 7 ya 2022 ikawa simu ya kwanza ya Android kukubali app za biti 64 pekee. Kwa hiyo kuna mwandishi wa app anaona uvivu wa kutunza matoleo mawili, anaacha la biti 32, na wewe wa Nansio unakosa hesabu zako.

Sasa cha kufanya. Kwanza angalia toleo la Android kwenye mipangilio sehemu ya kuhusu simu, maana mara nyingi app inakataa kwa sababu Android ni ya chini kuliko wanayotaka na siyo biti hata kidogo. Kama Android siyo ya chini sana, mwambie mtoto wa dada akuwekee CPU-Z kutoka Play Store, ni ya bure, aende kwenye sehemu ya System aangalie palipoandikwa Kernel Architecture. Akikuta aarch64 basi moyo wa simu ni wa biti 64 na huenda tatizo liko kwingine, akikuta armv7l au armv8l Android iliyomo ni ya biti 32 na hapo usimpe hela mtu atakayekwambia anaiflashi iwe biti 64, kwa simu hizi za bei nafuu wengi wataishia kukuulia simu. Tafuta app nyingine ya hesabu, zipo nyepesi nyingi zinazokubali biti 32, au fungua ile ile kwa brauza kama wana tovuti. Na siku ukienda kubadilisha simu usimuulize muuzaji kama prosesa ni ya biti 64, atakujibu ndiyo na atakuwa mkweli, mwambie aiwashe muiangalie wote hiyo Android.